Kabla Jina Halijafika Nyumbani

Mwaka 1976 hapakuwa na wilaya iitwayo Ruangwa. Hiyo ilizaliwa mwaka 1995, na kabla ya hapo ofisi kubwa ya serikali kwa watu wengi wa upande ule ilikuwa Nachingwea. Mwaka huo wa 1976, Kassim Majaliwa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015, alimaliza darasa la saba Shule ya Msingi Mnacho, upande huo huo. Mwaka uliofuata alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza Kigonsera, huko Mbinga, mwendo wa kupita Masasi, Tunduru na Songea.

Mambo mengi yalitokea kati ya dawati la Mnacho na bweni la Kigonsera, na moja husahaulika kirahisi: habari ya kuchaguliwa ilipaswa kwanza kusafiri mpaka kijijini. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa. Orodha ilitoka mkoani ikaja kwa afisa elimu wa wilaya, naye akaisambaza kwa walimu wakuu, kwa gari likipatikana, au mikononi mwa mwalimu aliyekuja mjini kufuata mshahara. Mwalimu mkuu ndiye aliyesoma majina mbele ya watoto, kisha akatuma mtu nyumbani kwa mzazi. Aliyechaguliwa alikuwa mmoja kati ya wengi mno. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1977 ulijaza madarasa ya chini, lakini shule za sekondari za serikali zilibaki chache, na chini ya mtoto mmoja kati ya kumi ndiye aliyepata nafasi.

Vijana wa leo huenda wasielewe uzito wa neno kuchaguliwa kwa wazazi wao. Karo ya sekondari ilikuwa imefutwa katika miaka ya 1960 na haikurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Serikali ililisha, ililaza, na mara nyingi ilitoa waranti ya kusafiria. Kwa hiyo kuchaguliwa kulikuwa ndiyo ufadhili wenyewe, na tangazo la mwalimu mkuu lilitangaza alama za mtoto na gharama iliyotua mabega mengine kwa pumzi moja. Kijiji kizima kilijua maana yake siku hiyo hiyo.

Kabla ya serikali kushika shule, kazi ya kuchagua ilikuwa ya misheni. Wabenediktini waliokuwa Ndanda tangu 1906, na Waanglikana wa Masasi wenye shule yao Chidya, waliwachagua vijana wao na kuwapeleka mbele ngazi kwa ngazi. Benjamin Mkapa wa Lupaso alipita njia hiyo: Ndanda, Kigonsera, Ndanda tena, kisha Pugu, na mwaka 1957 Makerere. Padri au mwalimu wa dini alimjua mtoto, akawajua na wazazi wake, na habari haikuhitaji karatasi nyingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozifanya shule za misheni kuwa za umma, uchaguzi ukawa wa haki zaidi kwa mtoto wa Kiislamu na kwa mtoto wa kijiji kisicho na kanisa. Lakini njia ya habari ilirefuka.

Njia yenyewe ilikuwa mbovu. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, uliokufa mwaka 1951 na kuliacha jina la Nachingwea katika vitabu vya uchumi duniani, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenda Dar es Salaam kulimaanisha kuvuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakichachamaa kusini ilikatika kabisa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Majina ya kidato cha tano yalipochapwa magazetini, gazeti lenyewe lilifika huku limechelewa. Mtoto aliyechaguliwa na asijue hakuwa na tofauti kubwa na asiyechaguliwa, maana nafasi haikumsubiri mtu. Ofisi ya Dar es Salaam ilijua jina lake kabla ya mama yake, na kwangu hilo ndilo doa kubwa la mfumo ule.

Simu na intaneti vilibadilisha kasi. Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya Tanzania kujitoa katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki, sasa huweka matokeo ya kidato cha nne mtandaoni saa ile ile yanapotangazwa. Fungua ukurasa wa shule yoyote ya Nachingwea: mstari mmoja una namba ya mtahiniwa inayoanza na herufi S, kisha F au M kwa jinsia, jumla ya pointi, divisheni, halafu masomo na alama zake. Jina halimo. Divisheni wani ya pointi saba, ambayo ni A katika masomo saba, hutokea kama namba tupu. Mwalimu wa taaluma huchukua orodha yake ya usajili, akaipitisha rula chini ya kila mstari, na namba inageuka kuwa binti wa fulani wa kijiji fulani. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa.

Kwa miaka mingi baraza pia lilitangaza kumi bora, wanafunzi na shule. Majina ya shule kama Feza, Marian na St. Francis ya Mbeya yalizoeleka masikioni. Shule za Lindi na Mtwara ziliwahi kuonekana katika orodha nyingine, ile ya kumi za mwisho. Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne cha 2022, Kaimu Katibu Mtendaji Athumani Amasi alieleza kuwa utaratibu wa kumi bora umeachwa kwa kuwa hauna tija. Wako waliolalamika kwamba juhudi zitapoa. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi, hasa kwa wilaya za Ruangwa na Nachingwea. Msichana wa shule ya kata aliyepata wani ya kumi na mbili, bila maabara ya maana na kwa kutembea kilomita kadhaa kila asubuhi, hakuwahi kuonekana katika kumi bora ya taifa. Anaonekana kwenye mahafali ya shule yake, mgeni rasmi anapomkabidhi cheti na bahasha mbele ya wazazi.

Shule za kata, zilizoenea kuanzia mpango wa sekondari wa mwaka 2004, zilifanya kidato cha kwanza kuwa jambo la kawaida. Heshima ya kuchaguliwa ikahamia kwingine: Kilakala, Msalato, Kibaha, Mzumbe, shule za vipaji maalumu, na kidato cha tano. Tangu 2022 kuna pia ufadhili wa Rais Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi kidato cha sita. Wizara ya Elimu hutoa orodha ya wenye sifa, na mwenye jina huomba kupitia Bodi ya Mikopo. Ukiwa kwenye orodha na usijaze maombi, umepitwa. Mkuu wa shule mwenye bidii hamalizi kazi yake kwa kubandika picha ya mwanafunzi kwenye kundi la WhatsApp. Kwanza humpigia mzazi, humweleza tarehe ya mwisho na nyaraka zinazotakiwa, ndipo huomba ruhusa ya picha, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ruhusa hiyo si hisani tena.

Mzazi huyo hupokea simu akiwa na hesabu kichwani. Karo ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga bado inataka godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, na nauli ya kwenda labda Tabora. Kidato cha kwanza huanza Januari, baada ya minada ya korosho. Kidato cha tano huripoti Julai, wakati ufuta unauzwa kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Orodha ikitoka wiki nne mapema, mzazi anaweza kutenga fedha ya mnada kabla haijaingia katika madeni. Ikitoka wiki moja kabla ya kuripoti, anakwenda kukopa kwa jirani huku akipokea pongezi.