Mwamba Ngoma wa Angani

Mabishano kuhusu ndege za kivita yakianza, hakosi mtu wa kutupa ile namba maarufu: kumi kwa moja. Yaani katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953, F-86 Sabre za Marekani ziliangusha MiG-15 kumi kwa kila Sabre moja iliyoangushwa. Mimi huuliza swali moja tu: nani alihesabu?

Walihesabu Wamarekani wenyewe. Walidai MiG 792, dhidi ya Sabre 78. Upande wa pili, marubani wa Kisovieti nao walidai Sabre zaidi ya 600. Kumbe Sabre zote zilizopotea vitani, pamoja na za ajali, hazikufika 250! Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Si lazima mtu awe mwongo. Hebu fikiria: unafyatua risasi kwa sekunde mbili, moshi unatoka, adui anapiga mbizi na kupotelea mawinguni. Ukitua utasema nini? Kamera iliyounganishwa na bunduki ilinasa risasi zikigonga, lakini mara nyingi haikuonyesha ndege ikianguka. Na MiG ilikuwa ngumu. Kuna zilizorudi kambini zikiwa na matundu tele. Ikishavuka mto Yalu na kuingia China, nani angeenda kutafuta mabaki? Tena marubani wawili wangeweza kulenga ndege ile ile, kila mmoja akajiandikia ushindi.

Moscow ilificha kwamba watu wake walikuwa wakipigana huko. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991 na nyaraka kuanza kufunguliwa, hasara yao ilionekana kuwa MiG zipatazo 335. Za Wachina na Wakorea Kaskazini zina hesabu yake.

Hapo ndipo namba inapotuchezea. MiG moja iliendeshwa na Msovieti aliyepigana na Wajerumani. Nyingine na Mchina aliyetoka mafunzoni juzi tu. Ukiwachanganya kwenye kapu moja, umepima nini: ndege, au mafunzo ya rubani?

Kwangu huu si ushabiki wa mpira. Serikali hununua ndege kwa sifa kama hizi, kwa kodi za watu, kisha kijana fulani anafungwa mkanda ndani yake akiamini chuma kitamlinda. Kabla ya kumwambia hivyo, tumwonyeshe mabaki.