Swichi

Mtajie mtu wa Mnyambe, Newala, swichi, atatazama ukutani. Ndiyo ile ya taa: bonyeza iwake, bonyeza izime. Mafundi wa mtandao wameliazima neno hilohilo kwa kifaa kinachotakiwa kisizime hata mara moja. Kichekesho kidogo.

Swichi yao husoma anwani ya kila fungu la data na kulipeleka kwenye tundu lake tu. Habu, kifaa kilichoitangulia, ililitangaza fungu hilo jumba zima. Sauti ya simu zinazopita humo ndiyo mtihani: ikichelewa kupita milisekunde 150 hivi, wanaozungumza huanza kukatizana. Na swichi ikizima, mazungumzo hukatika kabisa. Kwa hiyo ofisi kubwa hufunga swichi mbili, kila moja na umeme wake. Lakini njia zikiwa mbili, data huweza kuzunguka bila kikomo. Mwaka 1985 Radia Perlman alibuni kanuni ya kuifunga njia ya akiba mpaka ihitajike.

Sifa hii ya kutozima huitwa “upatikanaji wa juu”, tafsiri kavu kweli. Wakulima wa Newala, ambao korosho zao zilianza kunadiwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) msimu wa 2024/2025, husema tu mtandao umekata. Basi tuseme swichi isiyokata.