Kaunta ya Mama Iliharibikia Ukingoni

Wasee, kama umekaa Kimilili unajua mvua ya Aprili. Ukuta wa jikoni unatoa jasho, nguo hazikauki, chumvi inashikana. Aprili moja hivi ndiyo ilimaliza kaunta ya mama. Ilikuwa chipbodi, juu inang'aa kama marumaru, haijamaliza hata mwaka. Kando ya sinki ikafura kama mandazi. Mama akasema fundi alituuzia takataka, na mimi nikaunga mkono. Siku hizi naona tulimkosea.

Kukhu ana meza ya Elgon teak, mti wa huu mlima wetu. Imemwagikiwa chai tangu mama akiwa mtoto na bado imesimama. Sisi tulidhani mbao ni mbao tu. Lakini chipbodi ilizaliwa na uhaba. Mjerumani Max Himmelheber aliibuni miaka ya 1930, juu sehemu kubwa ya mti ilikuwa inatupwa kama mabaki. Kiwanda kikaanza kuitengeneza Bremen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mbao nzuri ikiwa haipatikani. Unachukua vipande vidogo vya mti, unachanganya na gundi, unabana kwa joto.

Hata kwetu, uhaba una mkono wake. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, ikaruhusu kampuni chache tu ziendelee, Raiply ya Eldoret ikiwa mojawapo. Februari 2018 marufuku ikaja tena, hadi 2023. Mbao ngumu ikabaki ya wenye pesa. Sisi wengine tukaenda kununua bodi ya futi nane kwa nne.

Sasa shida iko hapa: ile sura inayong'aa haipitishi maji. Ukingo uliokatwa na msumeno unayanyonya. Vile vipande vilivyobanwa vinafura, gundi inaachia, na hata ikikauka hairudi vile ilikuwa. Ile chipbodi ya kijani ndani inavumilia unyevu zaidi, lakini nayo si ya kulowekwa.

Kwa hivyo, kabla sinki iingie, paka vanishi mara mbili kila mahali palipokatwa, hasa lile tundu la sinki na upande wa nyuma unaogusa ukuta. Iache ikauke kabisa. Ukingo wa mbele ubandike utepe wa PVC. Ukishafunga sinki, ziba kwa silikoni pale inapokutana na kaunta, na pale kaunta inapokutana na ukuta.

Yule fundi alikuwa ametuomba pesa kidogo ya kufunika kingo. Tukamwambia, "Huko nyuma nani ataona?" Tukampunguzia bei, akaziacha wazi.

Maji yaliona. Na bado hatujamwomba fundi msamaha.