Kutoka Taarifa za Kamati hadi Jarida la Lugha

Historia ya usanifishaji wa Kiswahili huelezwa mara nyingi kwa kutaja kamusi na vitabu vya sarufi. Ushahidi mwingine, usiotazamwa sana, umo katika taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kamati hiyo ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekwisha kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Taarifa hizo, zilizoitwa Bulletin, zilieleza shughuli za Kamati: tahajia, istilahi, na vitabu vya shule vilivyohitaji ithibati yake. Kauli yake ilikuwa ya hakimu. Wajumbe wa mwanzo wote walikuwa Wazungu, na taarifa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwenyeji wa Lamu, Mvita au Pemba alizungumziwa, hakuzungumza.

Kamati ilihamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952. Huko, wakati wa W. H. Whiteley, taarifa zikageuka kuwa jarida la utafiti. Mwaka 1957 nyongeza ya jarida ilitoa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Mwaka 1958 na 1959 yakafuata maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe. Aidha, Whiteley alichapisha uchunguzi wa Kimtang'ata (1956) na wa lahaja za Pemba (1958). Hivyo lahaja zilizowekwa kando na usanifishaji zilirudi kwa mlango wa utafiti.

Mwaka 1959 jarida liliitwa Swahili. Mwaka 1964 Kamati ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, chini ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Na mwaka 1970 jarida likaitwa Kiswahili. Badiliko hilo la mwisho ni la silabi moja tu, lakini si dogo. "Swahili" ni jina ambalo mgeni huipa lugha hii; "Kiswahili" ni jina ambalo msemaji wake huitaja kwalo.

Hata hivyo, jina peke yake halikutosha: makala za Kiingereza ziliendelea kutokea humo baada ya 1970. Wala haifai kuibeza kazi ya Kamati, kwani tahajia iliyoisimamia ndiyo msingi wa maandishi ya leo. Jambo ambalo taarifa hizo zinathibitisha ni kwamba lugha yaweza kusanifishwa bila ya wenyewe kuulizwa, lakini haiwezi kuchunguzwa vema mpaka wenyewe wasikilizwe.