Hipnosia ya kujitibu na kuacha sigara

Mvutaji wa Mawaleh, wilayani Seeb mjini Muscat, anaweza kujaribu hipnosia nyumbani bila ya mtabibu. Hukaa palipotulia, hufumba macho, hupumua taratibu, kisha husikiliza sauti iliyorekodiwa au hujinong'oneza mwenyewe kwamba sigara ni sumu kwa mwili wake.

Maneno hayo yana asili yake. Mwaka 1970 Herbert Spiegel, daktari wa akili wa New York, alichapisha njia ya kikao kimoja. Mgonjwa alifundishwa kujirudia mambo matatu: uvutaji ni sumu kwa mwili, bila mwili huo hawezi kuishi, basi ana wajibu wa kuuheshimu na kuulinda. Huu si uchawi wala pepo, na msikilizaji hubaki na akili zake.

Je, yafaa? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya tafiti 14 zenye washiriki 1,926, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosia inazishinda njia nyingine. Hamu ya nikotini huwa kali siku chache za mwanzo, nayo hupungua baada ya wiki mbili hadi nne. Viraka vya nikotini na ubani wake wa kutafuna (si ule wa Dhofar) vina ushahidi imara zaidi, na vyaweza kutumiwa pamoja na hipnosia.

Mwenye maradhi ya akili ya kuona au kusikia yasiyokuwepo amwone daktari kwanza. Na sauti hizo zisisikilizwe mtu akiwa anaendesha gari.