Shule, Usharika na Mtihani: Miaka Mia Moja ya Kupima Watoto

Historia ya sharika za Kilutheri nchini Tanzania haitenganiki na historia ya shule. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1893, kazi ya kufundisha kusoma ilikwenda sambamba na kazi ya kuhubiri Injili, kwa kuwa Kanisa la Matengenezo lilitaka kila Mkristo ajisomee Maandiko mwenyewe. Katika darasa hilo la awali mtihani haukuwa wa karatasi. Aliyejiandaa kwa ubatizo au kipaimara aliulizwa Katekisimu, naye akajibu kwa kinywa chake. Aliyeshindwa alirudi kwa mwalimu akafundishwa tena. Mlango haukufungwa kwa sababu ya uchache wa nafasi.

Mtihani wa namna nyingine uliingia wakati wa utawala wa Waingereza. Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Tanganyika mwaka 1924. Mwaka uliofuata serikali na misioni zilikutana Dar es Salaam kuzungumzia elimu, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku. Shule iliyotimiza masharti ya walimu, masomo na ukaguzi ilisaidiwa fedha. Shule ndogo ya kijijini, iliyofundishwa na mwinjilisti asiye na cheti, ilibaki mikononi mwa Wakristo wenyewe. Tangu hapo thamani ya shule ikaanza kupimwa kwa kanuni zilizoandikwa mbali na kijiji, na heshima ya mwalimu ikaanza kutegemea matokeo ya wanafunzi wake.

Kufikia miaka ya 1950 mtoto alikabiliwa na michujo miwili: darasa la nne, kabla ya kuingia shule ya kati, na darasa la nane, kabla ya sekondari. Wazazi walichanga fedha, walibeba mawe na kujenga madarasa, lakini wengi wa watoto wao walirudi nyumbani wakihesabiwa kuwa wameshindwa. Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hilo kwa uchungu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alionyesha kwamba takriban asilimia 87 ya waliomaliza shule ya msingi mwaka huo hawakupata nafasi ya kuendelea, na hivyo waliondoka wakiwa na hisia ya kushindwa. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi, wala isiwe ngazi ya wachache tu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Sharika nyingi zikabaki bila shule, ila watoto wakabaki walewale: waliobatizwa katika usharika siku ya Jumapili walikaa katika madarasa ya serikali siku ya Jumatatu. Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwisho wa muongo huo mamilioni ya watoto walikuwa shuleni. Hata hivyo nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa muda mrefu, katika masikio ya wazazi, neno kufaulu lilimaanisha kuchaguliwa. Mtoto aliyejibu vema lakini akakosa nafasi alihesabiwa pamoja na asiyejibu kitu.

Jambo hili ni ufunguo wa kuzisoma takwimu za miaka ya karibuni. Mwaka 2001 waliofaulu mtihani wa darasa la saba walikuwa asilimia 28.6. Mwaka 2005, baada ya ada kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza, walifika asilimia 61.8. Mwaka 2009 walishuka hadi asilimia 49.4, na mwaka 2012 hadi asilimia 30.7. Mwaka 2013 walipanda hadi asilimia 50.6, na mwaka 2019 wakazidi asilimia 80. Akili za watoto wa taifa zima haziwezi kupanda na kushuka hivyo kwa mwaka mmoja. Hubadilika pia namna ya kutunga na kusahihisha, kiwango cha kufaulu, na idadi ya madawati yanayosubiri mbele. Mwaka 2012, kwa mfano, majibu yalianza kusahihishwa kwa mashine.

Zipo pia dalili kwamba alama na maarifa si kitu kimoja. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulibaini kwamba mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza shule ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika mtihani wa mwaka 2011 watahiniwa zaidi ya 9,000 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu haibi mtihani peke yake. Nyuma yake huwapo watu wazima wanaoogopa aibu ya namba. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, ulizipanga shule kwa rangi kufuata matokeo yao. Miaka kumi baadaye, mwaka 2023, Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule bora.

Hapa Kanisa lenyewe linaulizwa. Tangu miaka ya 1990 dayosisi na sharika zimerudi katika kazi ya shule, hasa kwa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Matokeo mazuri ya shule hizo ni jambo la kumshukuru Mungu na walimu wake. Lakini mtoto huingia humo kwa usaili na kwa ada, na mtihani hupima pia kile kilichochujwa mlangoni. Si haki kuilinganisha shule ya namna hiyo na shule ya kijiji inayompokea kila mtoto, kisha kumwita mwalimu wa kijiji mvivu. Katika mfano wa talanta hata mtumishi aliyepewa kidogo alidaiwa hesabu, lakini hakudaiwa hesabu ya mwenzake.

Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mlango wa darasa la saba, uliowaliza wazazi wengi, unaelekea kuondoka. Maswali yatabaki. Matokeo yanapobandikwa, wazee wa usharika wanaweza kuuliza zaidi ya shule imekuwa ya ngapi: wangapi walioandikishwa darasa la kwanza hawakufika kwenye chumba cha mtihani, na wako wapi leo? Nani kati ya waliofika hawezi kusoma? Usharika wenye ukumbi, taa na walimu wastaafu hauhitaji ruhusa ya mtu kuwakusanya watoto hao jioni na kuwafundisha kusoma, wa shule ya Kanisa na wa shule ya serikali pamoja.