Bei ya Petroli na Lawama kwa Viongozi

Wapo wanaodai kwamba petroli ilipanda bei kwa uzembe wa viongozi. Hoja hiyo tuipime kwa historia. Mapema Oktoba 1973 pipa la mafuta ghafi liliuzwa dola 3 hivi. Januari 1974 lilikaribia dola 12. Bei hiyo haikupangwa Dar es Salaam. TIPER ilisafisha mafuta yaliyotoka nje, na bei ya katani yetu nayo ilipangwa huko huko nje. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, ilipaa tena, huku vita dhidi ya Idi Amin vikikomba fedha zetu za kigeni.

Lakini matumizi ni jambo jingine. Lita iliyochomwa na gari la ofisi kwenda harusini ilikosekana kwenye lori la pamba. Hapo hatuwezi kuisingizia OPEC. Kiongozi aliyetenda hivyo, au aliyeona akanyamaza, anastahili lawama.